Kutoka Kileleshwa hadi Westlands, kupitia Marekani

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, lakini juzi niliulizwa swali ambalo limekataa kunitoka kichwani. Kwa hiyo leo tuweke kando mambo ya msimbo, tuzungumze historia.

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi anaishi Kangemi. Mamake anaishi Kawangware. Nyumba zote mbili zina intaneti ya faiba. Aliniuliza hivi: "Mkubwa, mbona naweza kutazama video iliyo kwenye seva ya Ulaya bila shida, lakini nikiwa kwa mathe siwezi kufungua kompyuta yangu iliyo Kangemi, hapo tu ng'ambo?"

Nilimpa jibu fupi la kifundi. Baadaye nikiwa kwenye matatu nikakumbuka kwamba mimi nami niliuliza swali hilohilo mwaka 2001, na jibu nililopata wakati ule lilikuwa tofauti kabisa. Swali ni moja, majibu mawili, na katikati yake kuna zaidi ya miaka ishirini ya historia ya intaneti ya Kenya. Ngoja niwasimulie.

BILI YA SHANGAZI

Mwaka 2001 nilikuwa chuoni. Nilikuwa nimeishi miaka miwili katika SQ iliyo nyuma ya nyumba ya shangazi yangu huko Kileleshwa. Hii ni Kileleshwa ya zamani, kabla ya maghorofa, wakati kila nyumba ilikuwa na paa la vigae, ua la michongoma na mbwa mkali. Mwaka huo SQ ikapata mpangaji anayelipa, nami nikahamia kwa kaka yangu aliyekuwa na nyumba ya kupanga Westlands. Kutoka Westlands hadi kwa shangazi ni kama kilomita tatu.

Shangazi alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanane. Hesabu zote za chama zilikuwa kwenye kompyuta yake ya Windows 98, katika lahajedwali niliyomtengenezea mwenyewe. Nilipohama nilimwekea programu ya VNC, ambayo hukuwezesha kuona skrini ya kompyuta nyingine na kuiendesha kwa kipanya chako ukiwa mbali. Nilijiona fundi kweli. Nikamwambia, "Shangazi, kukiwa na tatizo huna haja ya kuniita. Nitaingia nikiwa kwa kaka."

Tatizo likaja Ijumaa moja ya Novemba, saa tatu usiku, mvua inanyesha. Mkutano wa chama wa kufunga mwaka ulikuwa kesho yake asubuhi. Shangazi alikuwa amefuta safu moja ya lahajedwali, na kila jumla ikageuka kuwa #REF!. Michango ya mwaka mzima ya wanawake kumi na wanane haikuonekana. Alinipigia kwa simu ya mkononi akiwa na sauti ya mtu anayeona ataitwa mwizi asubuhi.

Basi, tukaanza. Yeye akapiga modemu yake kwa laini ya nyumba. Mimi nikapiga modemu ya kaka. Yeye akafungua winipcfg, akanisomea anwani ya kompyuta yake kwa simu ya mkononi, nambari nne moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma nambari za bahati nasibu. Nikaziandika, nikaweka neno la siri, na skrini ya shangazi ikaanza kuchorekea kwangu, kipande baada ya kipande, kama mtu anayepiga deki polepole.

Nikabofya. Nikangoja. Moja, mbili, ndipo kiteuzi kikasogea. Nikaandika tarakimu tano. Zikajitokeza baada ya mimi kuwa nimeshaanza kuzifuta nikidhani hazikufika. Laini ilikatika mara tatu, na kila ilipokatika kompyuta ya shangazi ilipewa anwani mpya, naye akalazimika kunisomea nambari nne upya. Saa tano kasoro tulikuwa tumetengeneza safu moja kati ya sita. Tukaacha.

Alfajiri nilitembea kwa miguu hadi Kileleshwa. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeketi mbele ya kompyuta yake na kikombe cha chai. Kazi iliyobaki ilichukua dakika nne.

Mwisho wa mwezi bili ya simu ilifika, ya nyumba zote mbili. Shangazi hakunikemea. Aliiweka mezani akasema, "Mwanangu, ungekuja na teksi ungenipunguzia gharama."

PAKITI ZILIPITIA WAPI?

Jumatatu yake nilirudia jaribio, safari hii kwa udadisi tu. Nilitumia amri ya tracert, ambayo huonyesha kila ruta inayopitiwa na pakiti zako njiani. Nilitarajia kuona ruta tatu au nne za Nairobi. Nilichoona ni majina ya miji ya Marekani. Pakiti zangu zilitoka Westlands, zikaenda Marekani, zikarudi Kileleshwa. Muda wa kwenda na kurudi ulikuwa zaidi ya sekunde moja.

Ilikuwaje? Shangazi na kaka walikuwa wateja wa kampuni mbili tofauti za intaneti. Kila kampuni ilikuwa na njia yake ya kwenda nje ya nchi, lakini hazikuwa na njia ya kwenda baina yao. Mahali pa kwanza zilipokutana palikuwa ng'ambo ya bahari.

Na wakati ule hakukuwa na kebo ya baharini iliyofika pwani yetu. Intaneti yote ya kimataifa ilipanda setilaiti. Tangu 1970 Kenya ilikuwa na kituo cha mawasiliano ya setilaiti kule Longonot katika Bonde la Ufa. Setilaiti za aina hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka mara moja ni kilomita 71,572, na kwa kasi ya mwanga, ya kilomita takriban 300,000 kwa sekunde, hiyo ni sekunde 0.24.

Sasa hesabu nami. Mbofyo wangu ulipanda na kushuka kwenda Marekani (0.24), ukapanda na kushuka kurudi Kenya (0.24). Jibu la kompyuta ya shangazi likafuata njia hiyohiyo kinyumenyume (0.48). Jumla ni sekunde 0.96 kabla hujaongeza hata modemu na foleni za ruta. Kwa kilomita, swali moja na jibu lake vilisafiri zaidi ya kilomita 286,000. Hiyo ni karibu robo tatu ya umbali wa kufika mwezini, ili kusogeza kipanya katika nyumba ambayo ningeweza kuifikia kwa miguu.

Modemu nazo zilichangia. Skrini ya 800 kwa 600 yenye rangi 256 ni baiti 480,000. Modemu ya wakati ule, hata ikiwa na kasi ya 56 Kbps kwa kupokea, ilikuwa inatuma kwa 33.6 Kbps ikibahatika. Skrini nzima bila kubanwa ingechukua kama dakika mbili. VNC ilibana picha na kutuma sehemu zilizobadilika tu, ndiyo maana tulifika popote. Lakini modemu ya kasi unaweza kuinunua. Ile sekunde moja ya setilaiti huwezi kuinunua, kwa sababu mwanga haukimbii zaidi ya hapo. Dawa yake ilikuwa moja tu: kutokwenda Marekani.

WIKI MBILI ZA KWANZA ZA KIXP

Nilichokuwa sijui usiku ule ni kwamba dawa ilikuwa imeshatengenezwa, imewashwa, na imezimwa kwa amri.

Turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliokuwa na barua pepe Nairobi walikuwa wachache, wengi wao wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Shirika la ELCI lilikuwa na kompyuta iliyotumia mfumo wa Fidonet: barua zilikusanywa siku nzima, kisha zikabadilishwa kwa simu na GreenNet ya London. Mwaka 1995 kituo cha ARCC kilileta muunganisho kamili wa intaneti, na kampuni za biashara kama Form-net na Africa Online zikaanza kuuza huduma. Mwaka 1998 shirika la simu na posta, KP&TC, lilianzisha Jambonet, mhimili wa kitaifa wa intaneti. Mwaka 1999 shirika hilo liligawanywa, Telkom Kenya ikazaliwa ikiwa na ukiritimba wa miaka mitano juu ya mambo kadhaa, yakiwemo mawasiliano ya kimataifa. Msimamizi mpya wa sekta akawa CCK, Tume ya Mawasiliano ya Kenya.

Ndani ya mazingira hayo, kampuni binafsi za intaneti kupitia chama chao, TESPOK, zilikubaliana jambo rahisi. Kila kampuni ivute waya wake hadi chumba kimoja katikati ya jiji. Humo kuwe na swichi. Data ya mteja wa kampuni A inayokwenda kwa mteja wa kampuni B ipite kwenye swichi hiyo, isipande setilaiti. Waliokuwa wakiijenga walikadiria kwamba takriban asilimia 30 ya data iliyokuwa ikitumwa nje ya nchi ilikuwa inaelekea kwa mtu mwingine aliye hapahapa Kenya. Yaani tulikuwa tunalipa dola ili barua ya mtu wa Moi Avenue imfikie mtu wa Kimathi Street.

Waliiita KIXP, Kenya Internet Exchange Point. Iliwashwa mwishoni mwa Novemba 2000. Mara moja Telkom ikalalamika kwa CCK kwamba kituo kile kinavunja haki yake ya kipekee. Ndani ya wiki mbili hivi CCK ikaamua kwamba KIXP ni mtambo wa mawasiliano usio na leseni, ikaamuru uzimwe.

Jamani, fikirieni. Swichi ile haikuwa inauza simu wala haikuwa na setilaiti. Kazi yake yote ilikuwa kumwambia jirani, "Pita hapa, usizunguke." Na kwa macho ya sheria ya wakati ule, njia ya mkato ilikuwa kosa.

Nisiwe mwonevu. Telkom ilikuwa na hoja yake: mapato ya nje ndiyo yaliyotarajiwa kubeba mtandao wa simu wa nchi nzima, na nchi yenye watu milioni 28.7 kwa sensa ya 1999 ilikuwa na laini za simu za mezani takriban laki tatu tu. Lakini ni vigumu kuona jinsi kuizungusha data ya Nairobi kupitia Marekani kungempelekea mtu wa Turkana simu.

Brian Longwe na wenzake waliokuwa wakisimamia KIXP hawakukaa kimya. Walieleza, wakaandika, wakabisha hodi serikalini, wakapinga uamuzi ule kwa njia za kisheria. Iliwachukua karibu mwaka mzima. Leseni ilitolewa Novemba 2001. Ndiyo, mwezi uleule ambao shangazi alikuwa ananisomea nambari nne kwa simu. Februari 2002 kituo kikawashwa tena, kikiwa na kampuni tano.

Safari hii hakikuzimwa. Mwaka 2012 Internet Society ilitoa utafiti juu ya vituo vya Kenya na Nigeria. Kwa upande wa Kenya, muda wa data ya ndani ulikuwa umeshuka kutoka milisekunde kati ya 200 na 600 hadi milisekunde 2 mpaka 10, na kampuni zilikuwa zinaokoa karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka katika gharama za njia za nje. Swichi moja katikati ya jiji ndiyo iliyoleta yote hayo.

NA ZANA ZENYEWE?

Kuna wanaodhani kuingia kwenye kompyuta ya mbali ni jambo jipya. Telnet ilianza mwaka 1969, pamoja na ARPANET yenyewe. Kutumia kompyuta ya mbali ni moja ya sababu za mtandao ule kujengwa. Ubaya wa telnet ni kwamba ilituma kila kitu wazi, pamoja na neno la siri. Mwaka 1995 kuna mtu aliyeyanasa maneno ya siri kwenye mtandao wa chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki, na Tatu Ylönen wa chuo hicho akaamua kuandika SSH, inayofunga kila kitu kwa msimbo wa siri. Mpaka leo ndiyo tunayotumia kila siku.

VNC ilizaliwa katika maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, na ikatolewa bure kwa umma mwaka 1998. Quentin Stafford-Fraser, mmoja wa walioiunda, ni miongoni mwa watu waliowahi kuelekeza kamera kwenye birika la kahawa la maabara ya kompyuta ya Cambridge ili wasipande ngazi bure. Fundi wa kweli huanza na uvivu.

Mwaka 2001 Windows XP Professional ikaja na Remote Desktop ndani yake. Kwa hiyo usiku ule wa mvua tulikuwa na programu zote tulizohitaji. Tulichokosa kilikuwa njia.

Na nikiri kosa langu pia. VNC ile haikufunga data kwa msimbo, na neno lake la siri lilikuwa na herufi nane tu zenye maana. Hesabu za akina mama kumi na wanane zilivuka bahari mara mbili zikiwa uchi. Leo singethubutu.

KEBO ZAFIKA, MILANGO YATOWEKA

Ukiritimba wa Telkom uliisha 2004. Kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ilifika Mombasa Juni 2009, SEACOM ikawashwa Julai mwaka huohuo, na EASSy ikafuata 2010. Longonot ikasahauliwa. Safari ya pakiti kwenda Ulaya na kurudi ikawa chini ya milisekunde 200. Faiba ikaanza kuingia nyumbani: kwanza Kileleshwa, Lavington na Westlands, baadaye Kangemi, Kawangware na Uthiru.

Kwa hiyo kijana wetu ana kila kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Kangemi na Kawangware zinaunganishwa kwa njia fupi isiyotoka nchini. Kwa nini basi haiwezekani?

Kwa sababu hana anwani.

Anwani za IP za toleo la 4 ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na haziwatoshi watu, sembuse simu, runinga na kamera zao. Akiba kuu ya dunia iliisha Februari 2011. AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linalogawa anwani kwa Afrika, lilibaki na akiba kuliko mabara mengine, lakini tangu 2020 nalo linagawa vipande vidogo tu.

Njia ya kubana matumizi ilibuniwa mapema, mwaka 1994. Inaitwa NAT. Mkenya anaielewa haraka akifikiria sanduku la posta. Wengi wetu hatujawahi kuletewa barua mlangoni. Barua zilikuja kwa S.L.P. ya shule ya msingi, na mwalimu mkuu ndiye aliyejua ni ya mtoto gani. Ruta ya nyumbani kwako ni mwalimu mkuu. Nyumba nzima ina S.L.P. moja. Ukituma barua wewe kwanza, anakumbuka, na jibu likija anakupa. Barua ikija kutoka kwa mtu asiyetarajiwa, bila jina, anaitupa.

Hiyo haikuwa shida kubwa, kwa sababu unaweza kumwagiza mwalimu mkuu wako: "Chochote kikija kwenye mlango nambari 22, kipeleke kwa ile kompyuta ya sebuleni." Wengi wetu tulifanya hivyo miaka ya 2000. Anwani ilikuwa ikibadilika, lakini huduma kama DynDNS zilitupa jina lisilobadilika.

Shida ikaja kampuni zilipoanza kufanya jambo lilelile kwa ukubwa wa mtaa. Sasa si nyumba moja yenye S.L.P. moja, ni wateja mamia wanaotumia S.L.P. moja, na mwalimu mkuu wa mwisho anakaa ofisini kwa kampuni. Huyo huwezi kumwagiza. Mwaka 2012 kulitengwa hata fungu maalumu la anwani kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Fungua ukurasa wa ruta yako uangalie anwani ya upande wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kwenye fungu hilo nililotaja, jua hakuna mtu duniani anayeweza kukubishia hodi moja kwa moja. Unaweza kutoka, lakini mlango wa kuingilia huna.

Wanaotazama video hawalioni hili, kwa kuwa wao hutoka tu. Anayelihisi ni yule anayetaka kurudi kwake.

Kwa hiyo tumetumia programu za watu wa kati. TeamViewer ya Ujerumani, iliyoanza 2005, ndiyo maarufu, na zipo nyingine nyingi. Kompyuta zako zote mbili hutoka nje na kuzungumza na seva ya kampuni. Ikiwezekana, seva huziunganisha moja kwa moja. Ikishindikana, data yote hupita kwake. Ni ustadi mkubwa, sipingi. Lakini angalia tulipofika. Ili kijana wa Kangemi aingie chumbani kwake akiwa Kawangware, lazima kwanza aombe ruhusa kwa seva ambayo mara nyingi iko nchi nyingine.

JUMAPILI YA MEI 2024

Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kwenye pwani kati ya Afrika Kusini na Msumbiji. Intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikawa ya kukokota.

Shangazi sasa ni mzee wa miaka sabini na kitu. Nyumba ya Kileleshwa iliuzwa, pamesimama ghorofa kumi na mbili pale. Yeye anaishi Uthiru. Chama bado kipo, na bado ndiye mweka hazina, ingawa wamebaki kumi na mmoja. Siku hizi chama kina fungu la mazishi na matibabu, na Jumapili ile mmoja wao alikuwa amelazwa. Familia ilihitaji kujua jioni hiyohiyo fungu lina kiasi gani. Shangazi akanipigia: faili haifunguki.

Nikafungua programu yangu ya kawaida ya kuingilia kompyuta yake. Ikazunguka, ikazunguka, ikaniambia haiwezi kufikia seva. Nilijaribu mara nne. Mimi niko Lavington, shangazi yuko Uthiru, faiba zetu zote mbili zina afya, na hatuwezi kuonana kwa sababu waya umekatika chini ya bahari maelfu ya kilomita kutoka kwetu. Nilihisi nimerudi kwenye ile nyumba ya Westlands, 2001.

Tofauti ni kwamba safari hii nilikuwa na njia ya pili. Miezi michache kabla, nilikuwa nimekodi seva ndogo hapa Nairobi yenye anwani ya umma, nikaweka WireGuard, programu ya vichuguu vya siri iliyoingizwa ndani ya Linux tangu 2020. Kompyuta ya shangazi na yangu hupiga simu kwenye seva hiyo na kubaki zimeunganishwa. Nilikuwa nimeiweka kwa mchezo wa kifundi tu, sikuwahi kuihitaji. Nikapima: milisekunde saba. Nikaingia, faili ilikuwa imefunguliwa mara mbili na kujifunga, nikaiachilia. Shangazi akasoma jumla kwa sauti, akaiandika kwenye daftari lake, na dakika tatu baadaye pesa zilikuwa zimetumwa kwa M-Pesa.

Pakiti zile hazikutoka Nairobi. Zingewezaje, mlango wa kutokea ulikuwa umevunjika. Zilifika kwa sababu watu fulani, mwaka 2000 na 2001, walikataa kukubali kwamba njia ya mkato ni kosa.

NIMWAMBIE NINI KIJANA?

Nimemwambia afanye moja kati ya haya matatu:

1. Aulize kampuni yake kama inauza anwani ya umma. Nyingi huiuza kwa ada ya ziada ya mwezi. Akiipata, asifungue mlango wa Remote Desktop (3389) wazi kwa dunia nzima. Majambazi huupiga usiku na mchana. Atumie SSH kwa ufunguo, si neno la siri, au WireGuard.

2. Aulize habari ya IPv6. Toleo hili limekuwepo kwenye karatasi tangu 1995, na lina anwani za kutosha kila kompyuta, simu na friji ya Nairobi. Tukilipata nyumbani kote, hadithi ya sanduku la posta inaisha. Kampuni zisipoulizwa na wateja hazina haraka.

3. Asipopata vyote viwili, wakodi seva ndogo yenye anwani, yeye na marafiki watatu, na iwe hapahapa nchini. Nasisitiza nchini. Ukiiweka Ulaya kwa sababu ni nafuu kidogo, utakuwa umeizungusha Kangemi kupitia Ulaya kwa hiari yako mwenyewe.

Akaniuliza, "Sasa mkubwa, si ni rahisi zaidi kuweka faili zote kwenye wingu niache mambo ya nyumbani?" Ni kweli, ni rahisi. Nami natumia wingu. Lakini nilimwambia asisahau kwamba mwaka 2001 pia ilikuwa rahisi zaidi kuiacha data ipite Marekani. Hakuna aliyelazimika kufanya kazi yoyote, bili tu ndizo zilikuja.

Haya, kwa leo naishia hapo. Shangazi amepiga simu, anasema kuna safu imepotea tena. Ukiwa umewahi kuona tracert ya ajabu ya miaka ile, niandikie, nazikusanya. Tukutane wiki ijayo.